Mguu wa kuku wa akiba: Namna ya kuchagua revolva ndogo inayodumu

Kidahwe, Kigoma. Ukitoka Kigoma mjini kilomita takriban 28, barabara inagawanyika. Moja inaelekea Kasulu, Kibondo na Nyakanazi, nyingine inashuka Uvinza. Njia panda hii ndiyo Kidahwe, na hapa kila siku hela inapita mikononi: mawese, mahindi, dagaa na migebuka kutoka ziwani, pamoja na miamala ya simu.

Wakazi wa muda mrefu bado wanakumbuka miaka ambayo mabasi ya barabara ya Kasulu kwenda Kibondo na mbele yalisindikizwa na askari wenye bunduki kwa sababu ya majambazi. Ndiyo maana mfanyabiashara mwenye shotigani ya halali nyumbani au shambani anaweza kufika mahali akajiuliza: je, niongeze kitu kidogo cha kutembea nacho?

Hicho kitu kidogo ndicho mtaani kinaitwa mguu wa kuku, yaani bastola. Na kwa anayetaka silaha ya akiba, ya kukaa nayo karibu na kufanyia mazoezi mara kwa mara, jina linalotajwa sana ni revolva, bastola yenye silinda inayozunguka.

Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huchagua kwa kuangalia wepesi na mng'aro. Baada ya mazoezi mawili mkono unauma, bastola inawekwa kabatini, na ikihitajika mwenyewe hajui hata inapiga wapi. Makala hii inaeleza mambo ya kuangalia ili hela isipotee na mtu asiumie.

Anza na leseni, siyo duka

Tanzania Bara na Visiwani, silaha za raia zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya 1991. Mwombaji lazima awe ametimiza umri wa miaka 25, awe na akili timamu, na awe amefuzu kutumia silaha.

Safari ya maombi huanzia chini, kwenye serikali ya kijiji au mtaa, halafu inapanda kupitia polisi na kamati za usalama hadi kwa msajili wa silaha. Jirani zako na mtendaji wako wataulizwa wewe ni mtu wa namna gani. Ukiwa na sifa ya ugomvi au ulevi, hapo ndipo itakapokukwamisha.

Jambo ambalo wengi hawalijui: leseni ya shotigani haibebi bastola. Kila silaha inaombewa kibali chake na inaandikwa kwa namba yake. Kwa hiyo silaha ya akiba ni maombi mapya kabisa, yenye sababu yake. Idadi ya risasi za kununua na kukaa nazo nayo inadhibitiwa.

Kigoma ni mkoa wa mpakani. Burundi iko jirani, Kongo iko ng'ambo ya ziwa, na silaha zisizo na karatasi zimekuwa tatizo la miaka mingi. Mtu akikuletea revolva ya bei ya kutupa, namba imekwanguliwa na hakuna risiti, usiiguse. Umiliki wa silaha bila kibali unaweza kushtakiwa kama kosa la uhujumu uchumi, ambako vifungo vinaanzia miaka 20. Hakuna bei nafuu inayolipa miaka hiyo.

Kwa nini revolva?

Bastola ya kawaida ya kisasa hutumia magazini, na kila risasi ikipigwa mashine inajirudisha yenyewe kupakia nyingine. Revolva haina mambo hayo. Ina silinda yenye vyumba vitano au sita, kila chumba na risasi yake. Ukivuta triga, silinda inazunguka, nyundo inapiga fataki, basi.

Faida zake ni hizi:

- Risasi moja ikigoma, unavuta triga tena na chumba kingine kinakuja. Huhitaji kuvuta wala kugonga kitu.
- Haina magazini ambayo spring yake inaweza kuchoka au midomo yake kupinda.
- Inaweza kukaa na risasi muda mrefu bila spring ya kulisha risasi kukandamizwa.
- Kuhakiki kama ina risasi ni rahisi: fungua silinda, vyumba vyote viko machoni.

Hasara nazo zipo. Ndogo nyingi zinabeba risasi tano tu. Kupakia upya ni polepole. Mtutu mfupi, karibu sentimita 5, unafanya makosa madogo ya mkono yaonekane makubwa kwenye shabaha. Na triga ni nzito: bila kukoki nyundo, mara nyingi inahitaji nguvu ya kilo 4.5 hadi 5.5. Ni sawa na kuning'iniza dumu la lita tano lililojaa maji kwenye kidole kimoja.

Hapo ndipo mazoezi yanapoingia. Revolva ndogo ni rahisi kuelewa na ngumu kuipiga vizuri.

Uzito: jambo linaloamua karibu yote

Dukani, revolva nyepesi inapendeza. Unaiweka mfukoni na huisikii. Lakini fizikia haina upendeleo. Risasi ileile ikipigwa kwenye bastola mbili, moja ya gramu 400 na nyingine ya gramu 700, ile nyepesi inarudi mkononi kwa nishati karibu mara moja na robo tatu ya ile nzito.

Kwa risasi tano hilo linavumilika. Kwa risasi 50 za mazoezi kiganja kinawaka, mtu anaanza kufumba macho kabla ya kuvuta, na kila anachojifunza siku hiyo ni woga.

Uzito una upande wa pili pia, nao ni maisha ya bastola yenyewe. Fremu za alumini zinafaa kubebwa, lakini chuma kizito kinastahimili zaidi risasi nyingi za mazoezi. Kwenye bastola nyepesi sana kuna tatizo lingine: mrudisho mkali unaweza kuzivuta risasi zilizobaki kwenye silinda zitoke kidogo kwenye maganda yake, na silinda ikakwama. Hapo ile sifa ya kutogoma inapotea.

Kwa mtu atakayenunua mara moja, kwa leseni moja, na anayetaka kufanya mazoezi kweli, kanuni ni hii: chukua ya chuma, kati ya gramu 600 na 700. Kiuno kitalalamika wiki mbili. Mkono utashukuru miaka ishirini.

Risasi gani?

.38 Special. Hii ilianza Marekani mwishoni mwa karne ya 19 na bado ndiyo risasi ya kawaida ya revolva ndogo duniani. Risasi yake ya jadi ina uzito wa gramu 10 hivi. Mrudisho unavumilika. Zipo zenye alama ya +P, ambazo zina shinikizo kubwa zaidi. Zitumie tu kama mtengenezaji ameruhusu kwa bastola hiyo.

.357 Magnum. Ilikuja miaka ya 1930. Shinikizo lake la juu linaloruhusiwa ni karibu mara mbili ya .38 ya kawaida, na ganda lake ni refu kwa milimita 3 na kidogo. Revolva ya .357 inaweza kupiga .38, lakini ya .38 haipigi .357. Kwenye bastola ndogo, .357 ina kishindo na mwako mkubwa ambao wapigaji wengi hawauwezi.

.22. Ni laini na nzuri kwa kujifunzia. Lakini triga za revolva za aina hii mara nyingi ni nzito zaidi, na fataki ya pembeni hugoma mara nyingi kuliko ya katikati. Kwa silaha ya pekee ya kujilinda, siyo chaguo la kwanza.

Ujanja wanaoutumia wapigaji wenye uzoefu ni kununua revolva ya chuma iliyotengenezwa kwa .357, halafu wakailisha .38. Bastola imejengwa kubeba mzigo mkubwa, nawe unaipa mdogo. Kitu kimoja tu: .38 ikipigwa sana kwenye vyumba virefu vya .357, masizi yanajenga pete ndani, na siku ukiweka .357 inaweza kukwama. Safisha vyumba kwa brashi kila baada ya mazoezi. Na uhakikishe leseni yako inaruhusu aina unayonunua.

Kabla ya kuchagua, uliza swali la kawaida kabisa: risasi zake zinapatikana? Bastola nzuri ambayo risasi zake zinasubiriwa miezi mingi ni chuma cha mapambo.

Majina yanayojulikana

Smith & Wesson Chiefs Special. Ilitoka mwaka 1950, ikaonyeshwa kwanza kwenye mkutano wa wakuu wa polisi Marekani, na jina likatokea hapo. Baadaye ikaitwa Model 36. Ina risasi tano za .38 na fremu ya chuma. Revolva nyingi ndogo za leo zimefuata umbo lake.

Smith & Wesson Model 60. Ilitoka mwaka 1965 ikiwa ya stenlesi, jambo lililokuwa jipya wakati huo. Kwa mazingira ya ziwani, hii ni hoja nzito.

Smith & Wesson 642 na 640. Zote mbili nyundo imefichwa ndani, hivyo hainasi kwenye nguo. 642 ina fremu ya alumini na ni nyepesi, zaidi kidogo ya gramu 400. 640 ni ya chuma na nzito zaidi. Kwa mazoezi ya mara kwa mara, 640 ndiyo rafiki.

Ruger SP101. Ya mwishoni mwa miaka ya 1980. Fremu yake ni kipande kizima, haina kifuniko cha ubavuni kama nyingine nyingi, na uzito wake ni karibu gramu 700. Ina sifa ya ugumu. Wengi wanaopiga risasi nyingi huishia kwake.

Ruger LCR. Ya mwaka 2009, ya alumini na plastiki ngumu, na ya .38 iko chini ya gramu 400. Triga yake husifiwa kwa ulaini. Ni nzuri kubeba, ila kwa mazoezi marefu itakusumbua.

Taurus na Rossi za Brazil. Huwa na bei ya chini. Zipo zinazodumu, lakini ubora unaweza kutofautiana kati ya bastola moja na nyingine, hivyo ukaguzi wa makini ni wa lazima.

Ukinunua ya mtumba: ukaguzi wa dakika kumi

Omba ruhusa ya muuzaji mwenye leseni, na bastola muda wote ielekezwe upande salama.

1. Fungua silinda. Tazama kila chumba kwa macho, kisha pitisha kidole. Hakuna risasi? Endelea.

2. Linganisha namba kwenye fremu na karatasi. Namba ikiwa imefifia au imekwanguliwa, rudisha na uondoke.

3. Funga silinda, koki nyundo polepole sana. Silinda inapaswa kujifunga kabla au wakati nyundo inafika mwisho. Ikichelewa, chumba hakikai sawa na mtutu, na risasi inaweza kukwanguliwa ikiingia. Rudia kwa vyumba vyote.

4. Itikise silinda kushoto na kulia, kisha mbele na nyuma. Mchezo mdogo wa kushoto na kulia ni kawaida. Ikisogea waziwazi mbele na nyuma, imechoka.

5. Angalia upenyo kati ya silinda na mtutu. Karatasi ya kawaida ya A4 ina unene wa milimita 0.1 hivi. Karatasi moja au mbili zikipita, ni sawa. Zikipita tatu, tafuta nyingine au fundi.

6. Tazama nyuma ya mtutu, pale risasi inapoingilia. Ufa hata mdogo unamaanisha kazi imeisha.

7. Tazama chini ya daraja la fremu, juu ya upenyo ule. Mstari mwembamba uliochomwa na gesi ni kawaida kwa .357. Shimo lenye kina siyo kawaida.

8. Sukuma fimbo ya kutolea maganda. Iwe imenyooka, imekaza, na irudi yenyewe.

Fundi awe mwenye kibali. Yule anayechonga magobore kwa siri hajui saa ya silinda, na kumpelekea bastola yako kunaweza kukuingiza kwenye kesi.

Unyevu wa ziwa na jasho

Mvua za Kigoma huanza kuelekea mwisho wa mwaka na kuendelea hadi Aprili au Mei. Ukiongeza jasho la kiunoni na upepo wa ziwa, chuma cheusi kinaweza kushika kutu haraka kuliko mwenyewe anavyofikiri.

Stenlesi inasaidia, lakini nayo hushika kutu ikitelekezwa. Mambo ya kufanya ni machache: pangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya bunduki kila baada ya kubeba, kagua nyuma ya mpini ambako jasho hujificha, na usiihifadhi ndani ya mkoba wa ngozi. Ngozi inanyonya maji na kuyashikilia. Mafuta nayo yasizidi, maana yakiingia kwenye fataki risasi inaweza kugoma.

Mazoezi: hapa ndipo silaha inakuwa yako

Kwenda porini nyuma ya shamba kufyatua siyo mazoezi, ni hatari na ni kosa. Mazoezi ya risasi hai ni kwenye uwanja wa shabaha unaotambulika, chini ya usimamizi. Uliza kituo cha polisi kuhusu utaratibu wa karibu nawe.

Kwa kuwa uwanja ni mbali na risasi ni ghali, sehemu kubwa ya mazoezi ya mtu wa Kidahwe itakuwa mazoezi makavu, yaani kuvuta triga bila risasi. Revolva nyingi za kisasa za .38 na .357 zinavumilia, ila risasi bandia za mazoezi zinalinda pini. Za .22 usizifanyie hivyo bila maelekezo ya mtengenezaji.

Utaratibu uwe uleule kila siku: risasi zote ziwe chumba kingine, silinda ikaguliwe mara mbili, na ulenge ukuta unaoweza kuzuia risasi. Vuta triga polepole mara ishirini bila shabaha kutikisika, halafu acha. Dakika tano kila siku zinajenga mkono kuliko boksi moja la risasi 50 kwa mwaka.

Uwanjani, anza karibu, mita tatu hadi saba. Vaa kinga ya masikio na miwani. Vidole visikae kamwe pembeni ya upenyo wa silinda, kwa sababu gesi ya moto hutokea hapo na hukata nyama. Na usikoki nyundo ili iwe rahisi: jifunze triga nzito, maana ndiyo utakayokutana nayo siku ya shida.

Nyumbani ikae wapi?

Chini ya mto siyo mahali. Juu ya kabati siyo mahali. Mtoto wa miaka minne anapanda stuli.

Silaha inapaswa kufungiwa kwenye sanduku imara lililokazwa ukutani au sakafuni, na ufunguo usijulikane na nyumba nzima. Ikiibiwa au kupotea, ripoti polisi mara moja, kwa sababu namba ile ni jina lako. Uhalifu ukifanyika nayo, mlango wa kwanza kugongwa ni wako.

Tafiti za Marekani kwa miaka mingi zimeonyesha kuwa nyumba yenye bunduki ina hatari kubwa zaidi ya mtu wa humo kujiua au kuuawa. Nyumba yenye ugomvi wa mara kwa mara, ulevi, au mtu aliyekata tamaa, haihitaji silaha ya pili. Haihitaji hata ya kwanza.

Kabla ya kutoa hela

Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inatambua haki ya kujilinda, lakini kwa nguvu inayolingana na hatari. Kumpiga risasi mwizi anayekimbia na dumu lako la mawese ni jambo ambalo utalieleza mahakamani.

Kwa wakala au mwenye duka pale njia panda, hatua za kwanza bado ni zilezile: kupunguza hela inayokaa dukani, kubadili muda wa kupeleka fedha, kufunga kabla ya giza, taa nzuri, na namba ya polisi kwenye simu. Jambazi mwenye silaha hukutana na mtu aliyeshtuka, na risasi tano mfukoni hazifuti mshtuko huo.

Kama baada ya yote hayo bado unaihitaji, orodha ni fupi: ya chuma, ikiwezekana stenlesi, gramu 600 hadi 700, ya .38 au ya .357 inayolishwa .38, yenye karatasi safi, iliyokaguliwa chumba kwa chumba. Halafu jibu swali moja kwa ukweli: nitafanya nayo mazoezi? Kama jibu ni hapana, hela hiyo iweke kwenye geti na kufuli.